Ukitafsiri habari za pwani, anza na maji

Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafsiri ripoti za mazingira, mabango ya wageni na maelezo ya mikutano ya wavuvi hapa Mombasa, aghalabu kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili na mara nyingine kinyume chake. Sehemu inayonichelewesha kuliko zote si istilahi za sayansi wala za sheria, bali ni majina ya kawaida ya ardhi na maji. Istilahi ya sayansi ikikosekana, mtu huikopa au huiunda, na msomaji huipokea. Jina la mandhari halikubali kuundwa ofisini, kwa sababu msomaji anakikanyaga kitu chenyewe kila siku na tayari ana namna yake ya kukiita. Kwa hiyo anayeanza kazi hii namshauri asikimbilie kusaka neno la kulinganisha na neno. Aulize kwanza mahali hapo maji hufanya nini, wakati gani, na ni nani anayepatumia.

Chukua neno pwani. Linatokana na kupwa, na kwa asili ni mahali panapoachwa wazi maji yanaporudi. Ripoti za kitaalamu zina istilahi yao ya ukanda huo, nami nimeiona ikitafsiriwa kuwa "eneo lililo kati ya kiwango cha maji kujaa na kiwango cha maji kupwa". Tafsiri hiyo ni sahihi, na ndani ya jedwali haina ubaya, ila isome mbele ya mkutano wa wavuvi uone watu wanavyotazamana. Mama anayesema kwamba jirani yake ameshuka pwani hamaanishi kwamba ametoka Nairobi kwa gari la moshi; anamaanisha ameteremka kwenye ukanda huo huo, pengine kuchokoa pweza. Hata hivyo siwezi kuandika pwani peke yake, kwa kuwa neno hilo leo limebeba pia nchi yote ya ufuoni kuanzia Vanga hadi Kiunga. Ninachoandika ni "pwani inayoachwa wazi maji yakipwa", kisha katika sentensi zinazofuata narudia pwani tu, na hakuna anayepotea.

Wakati nao una majina yake, na hapa ndipo tafsiri nyingi hulegea. Maji ya Mombasa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana. Mfasiri akiandika "maji yakipungua" mahali ambapo ripoti ilikusudia kupwa kwa bamvua, amempa mchokoa pweza siku isiyomfaa, maana sehemu za mwamba zilizo mbali haziachwi wazi wakati wa maji mafu.

Kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, neno linalonishughulisha zaidi ni kipwa. Mwamba una jina lake kwa Kiingereza, na fungu la mchanga vilevile. Kipwa huweza kuwa mwamba au mchanga. Kinachokifanya kuwa kipwa ni kwamba hujitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Kwa nahodha tofauti hiyo ni ya chombo kupita salama au kupanda mwamba. Mimi huliacha neno lenyewe ndani ya Kiingereza, nikalieleza mara moja linapotokea, halafu nikaendelea nalo. Wahariri hulalamika mwanzoni, kisha huzoea.

Upande wa pili, jihadhari na maneno yanayofanana kwa umbo tu. Katika makala kuhusu Norway niliyopewa kuitafsiri, neno hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, lilionekana kufaa kwa zile ghuba nyembamba za huko zinazoingia bara katikati ya milima. Hori za kwetu, kama zile zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa, zilikuwa mabonde ya mito: enzi za barafu maji mengi ya dunia yaliganda, bahari ikashuka, mito ikachimba mabonde, na barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda na kuyajaza. Mito ya Kombeni na Tsalu ingali inamwaga maji yake katika hori ya Tudor. Zile za Norway zilichimbwa na barafu yenyewe ilipokuwa ikiteremka, ndiyo maana kingo zake ni majabali yaliyosimama wima na kina chake hushinda hata Kilindini, ambayo kwetu ilipata jina kwa sababu ya kilindi chake. Hori ina mikoko na matope; msomaji wa Mtongwe akilisoma neno hilo ataiona mikoko. Nikaandika fyodi, nikaongeza sentensi moja ya maelezo.

Nyika inataka tahadhari ya namna nyingine. Ramani na vitabu vya zamani vya Kiingereza viliuita ukanda wa Taru jangwa, ilhali ni kichaka kikavu cha miiba chenye watu, mifugo na njia. Kulirudisha neno hilo katika Kiswahili kuwa jangwa ni kuendeleza macho ya mpita njia mwenye kiu. Lakini ukiandika nyika, kumbuka kwamba Wamijikenda waliwahi kuitwa Wanyika na watu wa nje, na jina hilo hawakulipenda. Itumie kwa ardhi, usiitumie kwa watu.

Kuhusu nani wa kumuuliza, nahodha peke yake hatoshi. Yeye hupajua mahali akiwa juu ya maji, na huvipa majina vile vinavyoweza kuharibu chombo. Wanawake wanaoshuka pwani kwa miguu wana majina ya vidimbwi na nyufa za mwamba ambayo yeye huenda hajapata kuyasikia. Waulize wote, tena wakati wa bamvua, mahali penyewe pakiwa wazi mbele yenu, na wakitofautiana andika majina yote mawili pamoja na watumiaji wa kila moja.