Kugandisha mishipa ya fahamu ya goti: mguu utapooza?

SWALI: Tunaishi Minnesota na mama yetu, miaka 68. Mwezi ujao anawekewa goti bandia. Daktari anataka kumgandisha mishipa ya fahamu kwa baridi kali wiki moja kabla ya upasuaji ili maumivu yapungue. Mama anaogopa kupooza. Je, ganzi hiyo huisha?

JIBU: Mwondoeni hofu. Mishipa inayolengwa ni ya kuhisi tu: tawi linalopita chini ya pia ya goti likitokea upande wa ndani, na matawi yanayoshuka mbele ya paja. Inayoendesha misuli haiguswi.

Kwanza ngozi hutiwa ganzi ya lidokeni. Kisha huingizwa sindano nyembamba zilizozibwa ncha. Gesi ya naitrasi oksaidi hupita ndani ya sindano na kutoka, haimwagiki mwilini. Ncha hufikia takriban nyuzi 88 za Selsiasi chini ya sifuri, barafu ndogo ikajijenga kando yake. Daktari hurudia hatua kwa hatua katika mstari unaokatiza njia ya mshipa, kwa kuwa matawi hayo hayakai mahali pamoja kwa kila mtu. Barafu ikiukosa mshipa, mama hatapata nafuu; basi ulizeni kama atatumia altrasaundi.

Baridi hiyo huua nyuzi za ndani na kuacha ala yake nzima. Nyuzi huota tena ndani ya ala, kama milimita moja kwa siku, na hisia hurudi baada ya miezi kadhaa. Muda huo ndio wa mazoezi ya kukunja na kunyoosha goti, na hapo ndipo faida yote ilipo. Maumivu ya nyuma ya goti na ya ndani kabisa yatabaki, kwa hiyo dawa za maumivu msizitupe.

Daktari aambiwe mapema kama mama hutokwa na vipele kwa baridi, ana ugonjwa wa Raynaud (vidole hugeuka vyeupe na kufa ganzi kwa baridi), au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Michubuko na uvimbe kidogo ni kawaida. Barafu ikikaribia ngozi mno huiunguza au kuacha doa, nalo kwenye ngozi yetu nyeusi huonekana sana.

Akishapata ganzi, hatasikia kitu kikimuunguza. Pakiti ya barafu ifungwe kwa kitambaa, isizidi dakika 20, na ngozi ikaguliwe kila mara. Chupa ya maji ya moto marufuku. Sehemu ya nje ya goti huenda ikabaki na ganzi daima; mara nyingi hiyo hutokana na kisu cha upasuaji kilichokata tawi dogo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, msiseme ni mishipa inaota: huenda damu imeganda, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Goti langu bandia lina mwaka na bado linauma. Nigandishwe?

JIBU: Bado. Kwanza picha ya eksirei na vipimo vya damu, kuona kama kuna maambukizi au goti limelegea. Yakikosekana hayo, daktari anaweza kukuchoma ganzi ya majaribio kwenye mshipa unaoshukiwa. Maumivu yakipungua sana kwa saa chache, kugandisha kuna maana. Yasipopungua, chanzo kiko kwingine.