Uliza Fundi: Stata Iliyozikwa Ndani ya V

SWALI: Assalaam aleikum, mafundi. Nina Land Cruiser VX ya mwaka 2001, petroli, V8 ya lita 4.7 (silinda nane zilizopangwa kama herufi V). Wiki kadhaa sasa, nikisimama Gede kununua maembe kisha nikarudi garini, nazungusha ufunguo nasikia "tak" moja tu. Nikirudia mara tano au sita inashika kana kwamba haikuwa na neno. Betri ni mpya. Fundi mmoja hapa Malindi asema ni stata, ile mota ya kuwashia injini, lakini ataka malipo ya siku nzima. Nimelala chini ya gari na tochi, hiyo stata sikuiona. Ananidanganya?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu. Hakudanganyi. Stata ya injini hiyo, 2UZ-FE, haikuwekwa ubavuni kama ya VX ya dizeli. Imelazwa katikati ya V, kwenye bonde lililo baina ya safu mbili za silinda, na manifoldi ya hewa, bomba pana linalogawa hewa kwa silinda, imeifunika kwa juu. Toyota walifanya vivyo hivyo kwenye 1UZ-FE ya Lexus LS400, basi wenye Celsior (LS400 hiyo hiyo kwa jina la Japani) nao wasome. Ukichungulia kwa chini, utachungulia mpaka adhana ya Isha.

Pesa ya kazi hii inakwenda kwenye kuifikia stata, kwa hiyo usikubali ifunguliwe kabla ya kupimwa. Weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri. Betri nzima iliyolala husoma karibu volti 12.6. Mtu azungushe ufunguo. Ikilia "tak" na mita ikabaki juu ya 12, umeme haupiti ndani ya stata. Ikianguka chini ya 9.6, shuku betri, au stata iliyokwama. Siku inaposhika, pima pia arthi: ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, huku injini ikizungushwa na stata. Ikizidi nusu volti, waya wa arthi umeliwa, na kwa chumvi ya pwani yetu hilo ni jambo la kila siku. Fungua, sugua hadi chuma king'ae, paka grisi. Jaribu pia kuwasha gia ikiwa N badala ya P, na ubadilishe rilei (swichi ya umeme) ya stata na nyingine ya aina ile ile kutoka kisanduku cha fyuzi. Haya yote ni nusu saa na hayana gharama.

Kwa dalili zako, tunadhani mita itabaki juu. Ndani ya solenoidi ya stata, yaani sumaku yake ya umeme, mna vipande viwili vya shaba, na kisahani cha shaba kinachoviunganisha ukizungusha ufunguo. Kila ukiwasha, cheche hulamba shaba kidogo. Kipande cha upande wa betri huliwa zaidi, mpaka kisahani kinagusa upande mmoja na wa pili hakiufikii. Sumaku imevuta, ndiyo hiyo "tak" yako, lakini mota haikupata kitu. Magari mengine hupigwa stata nyundo kidogo yakaondoka. Lako halina pa kupiga.

Kazi yenyewe sasa. Injini ilale usiku kucha ipoe, kichwa hasi cha betri kitolewe. Puliza vumbi na mchanga juu ya injini kabla ya kugusa bolti yoyote, kwa sababu kitakachobaki kitaangukia kwenye matundu ya silinda. Piga picha kila soketi ya waya na kila mpira. Mwaga kulanti (maji ya kupozea injini) kwa chini ya rejeta mpaka ishuke chini ya usawa wa manifoldi. Kwa kawaida lita nne au tano zinatosha. Petroli ndiyo ya kuogopwa: vitabu husema uendeshe injini bila pampu ili presha iishe, lakini injini yako haina uhakika wa kuwaka! Basi legeza kiungo cha bomba la petroli polepole, kitambaa kimekizunguka, kizima moto kiko karibu na sigara ziko mbali.

Toa bomba la hewa, mipira ya upepo, mipira ya maji inayopita kwenye throto (mlango wa hewa wa injini), na soketi nane za waya za injekta, vinyunyizio vya petroli. Injekta zenyewe ziache zilipo, zitanyanyuka na manifoldi. Plastiki ya soketi za gari la umri huu ni kama biskuti: bonyeza klipu kwa kidole, usiivute kwa bisibisi.

Manifoldi imeshikwa na bolti sita na nati nne, spana ya soketi namba 12. Legeza kidogo kidogo ukianzia kingoni kuja katikati. Watu wawili wainyanyue wima, mmoja akimulika nyuma, maana mara nyingi kuna waya uliosahauliwa huko. Mara ile ile ziba matundu yote nane kwa vitambaa safi, uvihesabu. Nati ikitumbukia mle, kazi ya siku moja imekuwa ya wiki.

Bondeni utakuta mchanga, majani makavu, pengine kiota cha panya. Fyonza, usipulize. Stata ina bolti mbili za namba 14, na utahitaji kirefusho cha soketi. Waya zake ni fupi: fungua bolti kwanza, inyanyue, igeuze, ndipo utaifikia nati ya waya mkubwa na soketi ya waya mdogo.

Je, ubadilishe shaba tu au stata nzima? Kifuniko cha solenoidi kina skrubu tatu za namba 8. Shaba mbili na kisahani kipya ni kitu cha robo saa mezani. Lakini gari lililopita kilomita 200,000 tungeliwekea na brashi na beringi mpya pia. Stata ya kampuni ya Denso iliyokarabatiwa vizuri tunaipenda kuliko stata mpya isiyojulikana imetoka wapi, hata kama ile mpya inang'aa.

Kabla ya kufunika, tazama vitu viwili. Bondeni humo mna sensa mbili za kusikia mgongano wa injini. Kagua waya zake. Na nyuma, karibu na ukuta unaotenga injini na abiria, kuna viungo vya plastiki vya umbo la T vya maji ya hita. Gari likizeeka huvunjika kwa kuguswa tu, na likiwa njiani maji yote humwagika. Badilisha vyote, hata kama vinaonekana vizima.

Kurudisha: stata mkazo wa 39 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha spana ya mkazo). Gasketi za manifoldi ziwe mpya pande zote mbili, na uso wa alumini usafishwe kwa kikwaruzio cha plastiki. Bolti na nati za manifoldi ni 18 Nm tu, kwa awamu mbili tatu kuanzia katikati. Anayekaza kwa nguvu za mkono atang'oa nyuzi za alumini. Pete za kuzibia (washa) za bomba la petroli ziwe mpya. Injini ikishika, zima baada ya sekunde chache, nusa. Hakuna harufu? Washa tena, hita iwe moto kabisa ya mbele na ya nyuma ili hewa itoke, na kesho yake injini ikiwa baridi ongeza kulanti.

SWALI: Nilifanyiwa kazi hiyo hiyo mwezi uliopita. Gari lawaka vizuri, lakini taa ya injini haizimi. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa namba P0330.
Msomaji, Watamu

JIBU: Hiyo ni sensa ya mgongano ya upande wa pili. Ama soketi yake haikuingia sawasawa, ama waya umebanwa na manifoldi. Kwa masikitiko, ni kufungua tena, na gasketi mpya tena. Mwombe fundi huyo huyo, na umwonyeshe namba hiyo kabla ya kuzungumza malipo.

SWALI: Naishi Lamu mjini, gari langu hulala Mokowe, ng'ambo ya bara, hata wiki nne. Kila nikivuka nakuta betri imechoka, nawasha kwa shida. Je, naiumiza stata?
Msomaji, Lamu

JIBU: Ndiyo. Volti ikiwa chini, solenoidi hushika na kuachia haraka haraka, trrr, na kila mshiko ni cheche juu ya shaba. Alamu na saa za gari lisilo na kasoro zinaweza kunywa hadi miliampea 50. Hiyo ni Ah (ampea-saa) 1.2 kwa siku, yaani nusu ya betri ya Ah 60 kwa siku 25. Toa kichwa hasi kabla ya kupanda boti, ukifunge kitambaa kisirudi kugusa. Ukirudi, pima kwanza: ikisoma chini ya volti 12.2, ichaji kabla hujagusa ufunguo.