Ramani za bure za Korea Kaskazini

Kama unataka ramani ya bure ya Korea Kaskazini ya kupakua na kutumia bila intaneti, usihangaike sana: anza na OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Kwenye simu pakua OsmAnd, programu inayotumia ramani hiyo, kisha chagua nchi hiyo. Kama una QGIS, programu ya kutengeneza ramani, kwenye kompyuta, faili la nchi nzima liko kwenye tovuti ya Geofabrik, na halina uzito wa kutisha.

Ila ujue ilivyochorwa. Wachoraji wengi wamekaa nje ya nchi, wanafuatisha picha za setilaiti. Kwa hiyo barabara, reli na mito iko vizuri, Pyongyang imejaa hadi majengo, lakini ukienda milimani kaskazini unakuta vijiji vimeonyeshwa kama vidoa tu, bila jina. Picha haikwambii mahali panaitwaje.

Hapo ndipo ramani za zamani zinaokoa. Maktaba ya Perry-Castañeda ya Chuo Kikuu cha Texas imeweka bure ramani za jeshi la Marekani za miaka ya 1950, skeli 1:250,000. Majina yamo, ingawa tahajia ni ya kizamani na baadhi ya miji imeshabadilishwa jina, kwa hiyo linganisha umbo la mto kwanza, jina baadaye. Ukitafuta mahali kwenye OpenStreetMap, andika kwa herufi za Kikorea. Za Kilatini zitakuzungusha bure.

Kontua, yaani mistari ya mwinuko, chora mwenyewe kwenye QGIS kwa data ya SRTM, vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kutoka angani mwaka 2000. Google Maps nayo ina maelezo tangu 2013, ila kuipakua ndiyo kazi.