Stroopwafel kuvunjika wakati wa kupasua

Umeuliza kwa nini stroopwafel, zile waffle nyembamba za Kiholanzi zenye shira katikati, zinavunjika ukizipasua, na kwa nini shira yako inachuruzika. Zinavunjika kwa sababu unazisubiri zipoe. Ikitoka kwenye chuma cha kuokea una sekunde chache tu. Ishike kwa kitambaa, pitisha kisu chembamba katikati, paka shira, funika, bonyeza kidogo. Ikishapoa ni biskuti kavu, hata kisu kikali hakisaidii. Donge la unga uliokandwa la gramu 45 linatosha. Likiwa dogo sana, hakuna cha kupasua.

Hiyo shira inayochuruzika haijaiva. Sukari ya kahawia, siagi, mdalasini na stroop yenyewe (sharubati nzito ya Kiholanzi), moto mdogo hadi nyuzi 112–115 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Dondosha tone kwenye maji baridi. Likifinyangika laini, epua. Ukipitiliza inakuwa ngumu, ingawa hapo Waholanzi wana dawa: wanaweka stroopwafel juu ya kikombe cha kahawa ya moto ili shira ilainike.