Gesi ya mtungi kwa mama anayeishi kijijini: jibu la aliyeitumia Newala

Mkuu uliyeuliza kama ni salama kumpelekea mama yako mtungi wa gesi huko Tandahimba, kwenye jiko la udongo lililoezekwa kwa nyasi, na kama ataweza kuumudu bila kukusumbua kila mwezi, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu nililiuliza mwenyewe miaka 6 iliyopita. Ninaishi kijijini wilayani Newala na tangu wakati huo nyumbani kwangu tunapikia gesi. Mpelekee, lakini kabla mtungi haujaingia ndani, toboeni matundu mawili chini ya ukuta wa jiko, usawa wa sakafu, moja likielekea upande upepo unakotoka na jingine upande wa pili. Muuzaji wa gesi hatakuambia jambo hili, na mimi sikuambiwa.

Sababu yake ni hii. Sisi watu wa kusini tumesikia habari za gesi ya Songosongo tangu ilipogunduliwa mwaka 1974, na ya Mnazi Bay mwaka 1982, hata wengi wetu tunadhani iliyomo mtungini ndiyo hiyohiyo iliyozunguka na kuturudia. Siyo. Gesi ya Songosongo na Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na ikivuja hupanda juu. Mtungini mmejazwa propani na butani, zilizogandamizwa mpaka zikawa maji. Propani ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa na butani karibu mara mbili, kwa hiyo zikivuja hushuka, zikatambaa sakafuni na kutulia kwenye pembe na mashimo. Dirisha la juu, ambalo kila jiko la kijijini linalo kwa ajili ya moshi wa kuni, halizisaidii kutoka.

Hilo nililijua kwa njia ngumu. Usiku mmoja mke wangu aliamka akasema anasikia harufu ya yai viza, ile harufu inayotiwa makusudi kwenye gesi ili ijulikane ikivuja. Panya alikuwa ametafuna mpira wa kupitishia gesi pale unapopita nyuma ya gunia la mbaazi, nasi tulikuwa tumelala bila kufunga gesi mtungini, tumezima jiko tu. Kibatari kilikuwa kinawaka chumba cha pili, juu ya kabati, na ninaamini kimo hicho ndicho kilichotuokoa. Tuliwatoa watoto kwanza, kibatari kikatolewa kwa mlango wa mbele ulio mbali na jiko, kisha nikaingia gizani kwa kupapasa, bila tochi wala simu, kwa sababu cheche ndogo ya swichi inatosha kuwasha. Nilifunga mtungi, nikafungua milango yote, nikapunga hewa ya chini kwa ungo kuelekea nje kwa muda mrefu. Leo nisingeingia kabisa kama harufu ingekuwa kali. Ningekaa nje na watu wangu mpaka upepo ufanye kazi yake. Tangu siku ile gesi hufungwa mtungini kila baada ya kupika, na mpira unapita mahali peupe ambapo jicho linauona wote.

Kuhusu paa la nyasi, hofu yako ni ya haki, ingawa gesi hairushi cheche kama kuni zinavyorusha. Hatari yake ni mafuta ya kukaangia yakishika moto. Mwambie mama asiyamwagie maji hata kidogo, bali azime jiko na kufunika sufuria kwa mfuniko. Jiko likae mbali na mahali paa linaposhukia chini.

Usimnunulie ule mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake kama chombo cha kupikia kila kitu. Unafaa kwa chai na mboga. Kwa ugali wa watu watano, ambao lazima usongwe kwa nguvu, mtungi huyumba, nami nimeona sufuria ikianguka na mtungi ukifuata. Mnunulie jiko la mezani lenye mpira mpya, klipu za chuma pande zote mbili, na mtungi wa kilo 15 uliosimama wima chini. Kila ukibadilishwa mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Kiberiti kisitumike kupima, hata kama fundi mwenyewe anafanya hivyo.

Sasa gharama. Mwanzoni mtungi wa kilo 15 ulitutosha siku 35, sisi watu sita. Sasa unapita siku 50, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imetokana na mbaazi. Tulikuwa tunazichemsha kavu. Siku hizi zinalala kwenye maji usiku kucha, zinachemka kidogo, kisha sufuria iliyofunikwa inaingia kwenye kapu kubwa tulilolizungushia mto wa sufi, na humo zinaendelea kuiva bila moto. Wali nao huivia humo. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 kwanza, kwa kuwa yasipochemka vizuri yana sumu inayoumiza tumbo. Chungu kikishachemka, moto upunguzwe, kwani maji yanayochemka hayazidi kuwa ya moto kwa kuongezewa gesi. Moto uwe wa buluu. Ukigeuka wa njano na kupaka sufuria masizi, matundu ya jiko yameziba na mnalipia gesi isiyoungua vizuri, tena inayotoa hewa yenye sumu. Upepo mkali ukikingwa kwa bati, bati lisiuzunguke mtungi, maana joto litarudi kwake.

Kujua kilichobaki ni rahisi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, hivyo mimi huazima mizani ya kuning'iniza ya jirani anayepimia korosho, nikatoa hesabu. Gesi ikikaribia kwisha, watu wengi huulaza mtungi ili wapate ya mwisho. Huo ni mchezo mbaya, kwa sababu gesi ikiwa bado maji inaweza kuingia kwenye mpira na kutoka jikoni kama mwale mrefu wa moto.

Ukifika, kaa siku mbili umwone mama akiwasha na kufunga kwa mkono wake. Pua ya mtu mzima hupungua uwezo, kwa hiyo mjukuu anayeishi naye naye afundishwe harufu ile na aonyeshwe mahali pa kufungia.