Miguu yawaka moto usiku? Kaa hapa fundi wa waya akueleze habari ya neva

Watu wananiuliza sana hii habari ya miguu kuwaka moto usiku, gereji wananiuliza, msikitini wananiuliza, kwenye WhatsApp ya mtaa ndo usiseme, na kila mara naeleza nusu halafu gari linaingia naondoka. Wacha niandike yote pahali pamoja. Mie si daktari, ni fundi wa waya za magari hapa Mombasa, sukari ninayo miaka mingi sasa na neva za miguu zishaguswa, kwa hivo haya nayosema mengine ni ya daktari alonieleza nikauliza tena na tena mpaka nikaelewa, na mengine mguu wangu mwenyewe ndo ulonifunza.

Kwanza ujue mguu ukiwaka, mara nyingi huo mguu wenyewe hauna kosa, shida iko kwa neva, yaani zile nyaya za mwili zinazobeba habari kati ya ubongo na viungo. Na ukijua neva inapita wapi na kazi yake nini, utajua lipi la kukimbilia hospitali na lipi la kuishi nalo.

Sasa tuanze juu. Ubongo wa mtu mzima ni kama kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, si mkubwa, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili hata ukiwa umelala. Chini yake kuna ugwe unaoteremka ndani ya mifupa ya mgongo, urefu kama sentimita 45 tu, unaishia juu kidogo ya pale unapofungia kikoi, watu wengi wadhani unafika mpaka chini kabisa, haufiki. Kutoka kwa ubongo zinatoka jozi 12 za neva, za macho, za masikio, za uso, na moja msafiri kweli kweli inashuka mpaka moyoni na tumboni. Kutoka kwa ugwe zinatoka jozi 31: shingoni 8, kifuani 12, kiunoni 5, chini ya kiuno 5, na moja ya kifupa cha mkia. Ile kubwa ya mguu inapita makalioni na unene wake ni kama kidole, mie nilidhani neva zote ni kama nywele.

Hapa ndo pa muhimu. Uzi mmoja unaoleta habari kutoka kidole cha mguu mpaka mgongoni ni seli MOJA, karibu mita nzima, na makao yake yako kando ya uti wa mgongo, lishe ya huo uzi wote inatoka huko juu. Fikiria waya ya taa ya nyuma ya lori, ndefu kuliko zote, ndo inayoharibika kwanza kwa sababu ina pahali pengi pa kuharibikia. Sukari ikikaa juu kwa miaka inadhuru uzi wenyewe na pia inaziba vijishipa vidogo vya damu vinavyoulisha, sasa ule mrefu zaidi ndo unaoumia mwanzo. Kwa hivo ganzi ya sukari inaanza vidoleni, miguu YOTE miwili, inapanda pole pole kama mtu anayevaa soksi, na ikifika karibu na magoti ndo unaanza kusikia vidole vya mikono navyo, maana sasa urefu umelingana.

Shika hiyo kama kipimo cha kwanza. Kama ni mguu mmoja tu, na maumivu yanatoka kiunoni yanapita nyuma ya paja mpaka unyayoni, hiyo yaweza kuwa neva imebanwa mgongoni, ni habari nyingine na matibabu mengine. Madereva wa matatu na tuktuk mnaokaa kutwa nzima, hii mwaijua. Mtu asikupe dawa ya sukari kwa shida ya mgongo, wala ya mgongo kwa shida ya sukari.

Halafu nyuzi zenyewe si aina moja. Kuna nyembamba zinazobeba joto, baridi na ule uchungu wa kuchoma, nyingi hazina ganda la mafuta, habari inakwenda kama mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Na kuna nene zenye ganda, hizo zinabeba mguso, mtetemo na habari ya mguu uko wapi, zenye kasi zaidi zafika mita 120 kwa sekunde. Ndo maana ukijigonga kidole kwa kizingiti, unasikia kwanza umegonga, halafu baada ya kitambo kidogo uchungu unawasili na unaanza kuita mamako. (Hata hiyo 120 ni pole sana mbele ya stima, mwanafunzi wangu gereji alibisha siku nzima.)

Nyembamba zikiharibika kwanza unapata moto, sindano, siafu, shuka ikigusa vidole unaruka. Watu wengi wafurahi ule moto ukiisha, wadhani wamepona. Aisee chunguza! Huenda uzi umekufa kabisa na sasa husikii kitu. Mie nilijua hivo saa saba mchana baada ya adhuhuri, vigae vya nje ya msikiti vimepigwa na jua, wenzangu warukaruka kutafuta ndara zao, na mie natembea polepole kama niko juu ya zulia, mzee mmoja akaniuliza "kijana, wewe huunguzwi?" Nikenda kliniki wiki ile ile.

Zile nene zikiharibika ni hadithi nyingine. Unaanza kuyumba. Si kizunguzungu, ni kwamba ubongo haupati habari miguu iko wapi, kwa hivo unategemea macho. Bafuni ukifumba macho sabuni isiingie, unapepesuka. Stima ikipotea usiku unashika ukuta. Ushauri wangu ni taa ndogo ya korido iwake usiku kucha na kiti cha plastiki bafuni, ukae uoge, hakuna aibu.

Kuna na kundi la tatu ambalo halikuombi ruhusa, lile linaloendesha jasho, moyo, tumbo, kibofu, presha. Wengi hawajui sukari inaharibu na hizi. Jasho la unyayo likikauka, kisigino kinapasuka, na ufa ndo mlango wa vidudu. Ukiinuka haraka kutoka sijda macho yanafunga giza. Chakula kinakaa tumboni, umekula mahamri asubuhi mpaka mchana bado umeshiba. Na wanaume wenzangu lile jambo la chumbani, mwaona haya kulisema, lakini laweza kuwa ni neva hizi hizi na daktari yuwalijua, sema tu. Kubwa zaidi, moyo waweza kupata shambulio bila ule uchungu wa kifua, ukaona umechoka tu, umeshikwa na pumzi, jasho la baridi. Usilale nalo.

Na Ramadhan: sukari ikishuka, mtu mwingine anatetemeka na kutoka jasho, wewe mwenye neva zilizoguswa huenda usipate onyo lolote mpaka unaanguka. Ongea na daktari kabla mwezi haujaandama, upime mchana, kudunga kidole hakufunguzi, na kipimo cha sukari kikiwa chini ya 3.9 (mmol/L) ufungue bila kujadiliana na mtu.

Sasa dawa za mtaani. Mie nimeambiwa ni baridi yabisi, nimeambiwa nimekanyaga kitu kibaya nimetegwa, nimeambiwa nipigwe chuku. Sitaki kugombana na wazee, lakini kumkata mtu wembe kwa mguu usiosikia na wenye damu hafifu ni kutafuta kidonda kisichopona. Maji moto na chumvi ndo hatari kuliko yote kwa sababu yaonekana hayana ubaya, unatumbukiza miguu haisikii, ukitoa ngozi imevuka. Ukitaka kuyapima tumia kiwiko au mwite mtu wa nyumbani. Sindano za vitamini B za kemisti zinasaidia kama umepungukiwa kweli, na ukiwa unameza metfomini kwa miaka B12 yaweza kushuka na ikaleta ganzi yake mwenyewe, hiyo muombe daktari akupime. Lakini kujidungisha ovyo hapana, vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu nayo inaharibu neva.

Zile dawa za hospitali kama amitriptilini na pregabalini, usishtuke ukisoma karatasi ukaona zimeandikiwa huzuni au kifafa, hupewa pia kwa neva. Zinatuliza kelele tu, neva haziponi kwa hizo, na siku za mwanzo zinaleta usingizi, usiendeshe gari. Kinachozuia isiendelee ni sukari yenyewe kukaa chini, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) wengi twaambiwa kiwe chini ya asilimia 7. Neva za miguuni zikikatwa zaweza kumea tena kama milimita 1 kwa siku pahali pazuri, lakini kwa mtu wa sukari usitegemee sana.

Mambo ya kukimbia nayo, usingoje kesho: uso kupinda ghafla, mkono mmoja kulegea, maneno kuchanganyika, hiyo ni ubongo, yaweza kuwa kiharusi, nenda moja kwa moja hospitali kubwa yenye CT scan (mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa), dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu ianze, usipitie kemisti. Ganzi katikati ya mapaja pale unapokalia, pamoja na mkojo kukataa, ni neva za mwisho wa mgongo zimebanwa, usiku huo huo. Na mguu kuvimba, mwekundu, una joto, hata kama hauumi. Haswa kama hauumi.

Ya kila siku ni madogo. Jioni angalia nyayo kwa kioo, kama macho yamechoka mpe mtoto aangalie na umuulize rangi na ufa. Kausha katikati ya vidole baada ya udhu. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu, mie nimetoa humo skrubu, kokoto, na siku moja kombe la pwani. Viatu nunua jioni miguu ikiwa imevimba, hata ukinunua mtumba Kongowea, na pekupeku usitembee, hata nyumbani, hata mchangani, mchanga wa mchana haujui wewe ni nani.

Ukienda kliniki, vua viatu na soksi kabla hujaulizwa, foleni ni ndefu na wengi hawatakwambia uvue. Mwambie daktari akuguse na ule uzi wa nailoni wa gramu 10 na akuwekee chuma kinachotetemeka kwa kidole gumba, macho umefumba. Ni dakika chache tu, na angalau mara moja kwa mwaka.