Banda na Bustani: Maswali Yenu Kabla ya Masika

Februari hii joto limewachosha watu, kuku na miche, na maswali mengi mliyoleta yanatokana na joto hilo hata pale ambapo muulizaji hajalitaja. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina ya miji nimeyabakiza kwa sababu jibu la Njombe haliwezi kuwa jibu la Tanga.

Shikamoo. Kuku wangu wa kienyeji hufa kwa mkupuo karibu kila mwaka. Wanasinzia, wanaharisha kijani, wengine shingo inapinda, na ndani ya siku chache banda ni tupu. Nawapa maji ya mwarobaini na shubiri lakini wapi. Nifanye nini? (Kibaha)

Marahaba. Hicho ni kideri, wengine mnakiita mdondo. Ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba, si ya duka la mifugo wala ya mti. Najua nitapigiwa kelele kwa hili, maana kila mtaa una mtu anayeapa kwamba mwarobaini uliokoa kuku wake watatu. Hao watatu wangepona hata kwa maji matupu.

Kinachofanya kazi ni chanjo, na lazima itangulie ugonjwa. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa nchini, hudondoshwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, kifaranga na jogoo mzee sawasawa. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ndiyo maana ikafaa vijijini, ila hiyo si ruhusa ya kuitembeza juani mfukoni mwa suruali. Kinga huhitaji kama wiki mbili ili ikomae, kisha hupungua taratibu, hivyo rudia kila baada ya miezi 3 au 4. Mimi hupendelea Januari, Mei na Septemba kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Wewe usingoje Mei, anza wiki hii kwa walio wazima. Anayesinzia tayari hatapona kwa chanjo.

Watu wengi huniambia kikwazo ni bei. Siamini. Chupa moja inatosha kuku wengi sana na mwenye kuku 12 anaona anamwaga pesa, basi anaacha. Jumuikeni. Mtu mmoja anunue, asubuhi moja kabla kuku hawajafunguliwa mpite nyumba kwa nyumba, chupa iishe siku hiyo. Tena kuchanja peke yako huku kuku wa jirani wakizurura uani kwako ni kinga nusu.

Halafu kuna njia ugonjwa unazopitia ambazo hatupendi kuzitaja. Kuku wa mnada anafika jioni na usiku huo huo analala na wenzake. Mtenge wiki mbili kwanza. Kuku anayeumwa anawahiwa kisu "kabla hajafa", nyama inaliwa, utumbo na manyoya yanatupwa jalalani ambako kuku wa mtaa mzima wanachakura. Fukia mzoga na mabaki yote kwa kina ambacho mbwa hafikii. Na yule anayekimbiza wagonjwa sokoni awauze upesi, huyo ndiye anayetuambukizia wilaya nzima.

Nyanya zangu zimestawi, majani mazuri, maua tele, lakini maua yanadondoka yote. Muuza pembejeo ameniuzia mbolea ya maji mara mbili. (Dar es Salaam, Mbagala)

Mbolea haina kosa na haitakusaidia. Nyanya inataka usiku wenye ubaridi kidogo ili ua lishike tunda. Usiku ukizidi nyuzi 24 hivi, chavua huharibika na ua huanguka. Dar mwezi wa kwanza na wa pili usiku hucheza kwenye nyuzi 25. Mnalala na feni mnalalamika, nyanya nayo haina feni.

Pwani, nyanya ni zao la kipupwe. Sia mbegu kitaluni mwishoni mwa Aprili, chini ya paa la nailoni ili masika yasiipige, uhamishe miche baada ya wiki 4 mvua zikianza kupungua. Itatoa maua Juni na Julai, kusi ikivuma, utavuna hadi Septemba. Kwa sasa tumia eneo hilo kwa mazao yasiyoogopa joto: bamia, mchicha, matembele, kunde, nyanya chungu. Hiyo michanganyiko mingine ya dukani usiinunue, tunza pesa yako.

Jambo moja la kuangalia wakati huo. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mche na udongo wake, usiutupe kwenye mboji, na eneo hilo usipande tena nyanya, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Panda mahindi au vitunguu. Kama uwanja wako ni mdogo kiasi kwamba hakuna pa kuhamia, hamia kwenye viroba vyenye udongo uliotoka kwingine.

Nimemwaga kinyesi cha kuku kwenye tuta la mchicha, umeungua. Si nilisoma kuwa ndiyo mbolea bora? (Kigamboni)

Ni bora ikishaiva. Kikiwa kibichi kina amonia nyingi, hiyo harufu inayokutoa machozi ukifungua banda asubuhi, nayo huchoma mizizi. Kuna na la pili: kinyesi kibichi hubeba vijidudu vya kuharisha, na mchicha wenyewe unaugusa udongo.

Kusanya kinyesi pamoja na maranda ya bandani, changanya na majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, makavu yawe mengi kuliko kinyesi. Lowesha hadi ukifinya kiganjani unyevu uonekane bila kuchuruzika. Rundo lifike kiunoni, lifunikwe kwa majani ya mgomba au turubai. Ndani ya siku chache litakuwa la moto mkono hauvumilii, na huo moto ndio unaoua vijidudu na mbegu za magugu. Geuza kila wiki, cha nje kiende ndani. Baada ya miezi miwili hadi mitatu litakuwa jeusi, limepoa, linanukia udongo wa msituni. Nusu ndoo ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba inatosha.

Ukianza leo, utakuwa nayo tayari mvua kubwa zikiisha. Ila lifunike kweli kweli, maana masika ikilinyea rundo lililo wazi, virutubisho vyote vitaishia kwenye mtaro wa jirani. Tuta lililoungua limwagilie maji mengi siku tatu mfululizo, liache wiki tatu, kisha sia upya. Mchicha unavunwa ndani ya wiki 3 au 4, hujapoteza mwaka.

Mayai yamepungua tangu Januari. Mdogo wangu aliyeko Uingereza anasema niweke taa bandani, kuku wa huko husitisha kutaga kwa sababu ya giza. Ninunue taa? (Tanga)

Mdogo wako hasemi uongo, anasema ya kwake. London siku ya Juni ina mwanga zaidi ya saa 16 na ya Desemba haifiki saa 8. Mwili wa kuku husoma mwanga, ukipungua kiasi hicho hufunga kazi. Tanga tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja. Tena Januari ndipo siku zenu zilipo ndefu.

Tafuta kwingine, na anza na joto. Kuku hatoki jasho. Anahema mdomo wazi, mbawa kaziachia, na anapunguza kula. Asipokula hatagi. Wape chakula alfajiri na jioni, siyo saa saba mchana. Maji yakae kivulini kwenye chombo cha udongo, yabadilishwe mchana. Kama paa ni bati tupu, tandika makuti juu yake.

Kisha angalia wanachokula. Pumba peke yake inajaza tumbo tu. Ongeza mashudu ya alizeti na dagaa kidogo waliosagwa, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa kwa ajili ya chokaa. Pumba yenye ukungu itupe. Sumukuvu huharibu ini la kuku, na haifai kumtupia mnyama kile ulichokikataa wewe.

Na umekwisha kutafuta kwenye majani nyuma ya choo? Nauliza kwa heshima. Nusu ya mayai "yaliyopungua" ninayoulizwa yako huko, mtetea keshahamisha kiota.

Kama wengine wameng'ang'ania kuatamia kiota kitupu, usiwachovye kwenye ndoo ya maji kama wafanyavyo wengi. Mweke kwenye tenga lililoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo lake, na chakula na maji, siku tatu au nne. Atasahau.

Nitapokea vifaranga 50 wa siku moja mwezi wa sita. Mwaka jana walikufa kwa baridi. (Njombe)

Kwa baridi ya Njombe mwezi wa sita, mimi ningewapokea Septemba. Kama tarehe haibadiliki, jipange hivi. Tengeneza mduara kwa hadibodi au maboksi, usiwe na kona, kwa sababu wakipata baridi hurundikana konani na wa chini hukosa hewa. Maranda makavu, unene wa vidole vinne. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Washa chanzo cha joto saa kadhaa kabla hawajafika.

Huna kipimajoto? Watazame. Wakijirundika katikati wakilia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembezoni wakihema, punguza. Wakitawanyika, wengine wanakula wengine wamelala, waache hivyo.

Jiko la mkaa liwake nje mpaka moshi uishe ndipo liingie, na chumba kiwe na tundu la hewa juu. Hewa ya mkaa haina harufu, inaua vifaranga na inamuua aliyekwenda kuwaangalia. Usilale humo. Umeme ukikatika usiku, dumu la maji ya moto lililovikwa gunia hushika joto mpaka karibu na alfajiri.

Maranda yakilowa yaondoe siku hiyo hiyo. Kuhara damu hupenda unyevunyevu, na mwaka jana huenda si wote waliokufa kwa baridi.

Mvua zetu zikikata Aprili, bustani inakufa. Maji ninayoweza kutenga ni ndoo mbili kwa siku. (Dodoma)

Ndoo mbili ni lita 40, zinatosha kitanda cha mita za mraba kama 8, usilime zaidi ya hapo. Usiinue tuta kama watu wa Pwani. Wao wanakimbia maji, wewe unayatafuta. Chimba kitanda kishuke chini ya usawa wa ardhi kiasi cha shibiri moja ya mkono, changanya mboji, panda, kisha funika udongo kwa nyasi au mabua. Mwagilia jioni, shinani. Kunde na nyanya chungu zitakuvumilia kuliko kabichi. Wakati huu mvua zingali zipo, vuna mlenda na majani ya kunde kwa wingi ukaushe kivulini. Nyumbani kwenu wazee wanajua kazi hiyo kuliko mimi.

Kama unafuga pia, kuku 10 watataka lita 3 hadi 5 za maji wakati wa joto. Zitoe kwanza, kabla ya bustani.

Kila masika kuku wangu hutoka vigaga usoni na kwenye upanga. (Pemba, na wengine wa Mombasa)

Ndui ya kuku, hailingani na ndui ya watu na haiwaambukizi ninyi. Mbu ndio husambaza. Chanjo yake huchomwa kwenye ngozi ya bawa; fanyeni sasa, kabla mvua hazijatuama. Mwageni maji ya kwenye vifuu, makopo na matairi. Aliyekwisha kuugua mtenge, mpake iodini, mpe majani mabichi na chakula laini. Vigaga vingi huanguka baada ya wiki chache. Usivibandue.

Kuku wanafukua miche yote. Niwafungie au nilime kwingine? (Morogoro)

Zungushia bustani, siyo kuku. Wavu au matete ya mita moja na nusu, na kata manyoya marefu ya bawa moja tu, atakosa mizani ya kuruka. Ukimaliza kuvuna tuta, wafungulie humo siku mbili tatu: watakula funza, mbegu za magugu na masalia. Ila mashina na majani ya nyanya na viazi mviringo yaondoe kwanza, yana sumu.

Nina mitetea minne, jirani hataki jogoo. Nitakosa mayai? (Dar es Salaam, Sinza)

Hutakosa, dada. Watataga bila jogoo, ila mayai hayatatotoa. Siku mmoja akiatamia na ukatamani vifaranga, nunua kwa mwenye jogoo mayai yasiyozidi siku 7, yasiyo na ufa wala kinyesi, umwekee usiku. Hesabu siku 21. Akitokea jogoo miongoni mwao, utaelewana mwenyewe na jirani.